Anayeuguza Naye Ana Mwili

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa viwiliwili na nyoyo, anayetia maradhi na anayeponya. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, maswahaba zake na kila aliyefuata njia yao kwa wema mpaka siku ya malipo. Nausia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nanyi, tumche Allah kwa siri na kwa dhahiri.



Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana anayewausia watu na kujificha nyuma ya mawaidha yake hawafai kitu.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa chuo, bibi yetu alipata kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, akawa hawezi kukaa wala kujigeuza bila ya mtu. Dada yangu mkubwa ndiye aliyemshika. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza usiku kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya mgongoni, akafua shuka asubuhi kabla majirani hawajaamka. Mimi nilikuwa Mutanga, kwenye kampasi, na nyumba yetu iko Buyenzi. Wenyeji wa Bujumbura mnajua kwamba huo si umbali wa kumfanya mtu awe mgeni kwao. Lakini mimi niligeuka mgeni. Nilikuja siku moja moja, nikamsalimu bibi, nikamwombea dua, nikaandaliwa chai na dada yule yule, nikanywa, nikaondoka.

Siku moja alinilalamikia kwamba mgongo unamuuma na usingizi umempotea. Nikajifanya sheikh. Nikamwambia, "Dada, subiri. Malipo yako yako kwa Allah." Akaniangalia, akasema polepole, "Mdogo wangu, hilo nalijua. Mimi nilikuwa naomba saa moja tu nilale."

Sikuwa na jibu. Wiki chache baadaye alijaribu kumnyanyua bibi peke yake usiku, mgongo ukakataa, wakaanguka wote wawili. Alhamdulillah hakuna aliyevunjika. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: sisi tunaosoma, tunaoswali Ijumaa safu ya mbele, tunamwona vipi yule anayeuguza nyumbani kwetu? Je, tunaona kwamba naye ana mwili?

Cheo chake mbele ya Allah

Tusije tukafahamiana vibaya. Kuuguza ni ibada kubwa, na hatuji hapa kuipunguza. Katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, Allah ameweka wema kwa wazazi mara tu baada ya kuamrisha tumwabudu Yeye peke yake, na akakataza hata lile neno dogo la kuguna mbele yao wanapofikia uzee mikononi mwetu. Angalieni kwamba aya inataja uzee hasa. Inataja wakati ule mzazi anapokuwa mzito, anaposahau, anapouliza jambo moja mara kumi.

Na tazameni kisa cha Uthman bin Affan (r.a.). Jeshi la Waislamu lilipotoka kwenda Badr, mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa sana. Mtume (s.a.w.) alimwachia Uthman abaki Madina amuuguze, na akamhesabia ujira na fungu la mtu aliyehudhuria Badr. Imo katika Bukhari. Mtu aliyebaki pembeni ya kitanda ameandikwa pamoja na watu wa Badr! Hivyo basi, dada yako aliyeshika beseni asubuhi hii si mtu aliyekosa maisha. Yuko katika uwanja ambao wengi wetu hatujathubutu kuukanyaga.

Lakini mpiganaji wa Badr alipewa maji, akapewa chakula, akawa na wenzake kulia na kushoto. Na katika usiku wa kuamkia vita, kama inavyoeleza Suratul Anfal aya ya 11, Allah aliwateremshia usingizi uwe utulivu kwao. Mpiganaji alilazwa usingizi na Mola wake kabla ya kazi. Wa kwetu sisi tunamnyima usingizi kisha tunamhubiria subira.

Huzuni huingia mwilini

Wako wanaodhani kwamba uchovu wa anayeuguza ni wa moyo tu, na kwamba dawa yake ni maneno mazuri. Qur'ani inatufundisha zaidi ya hapo. Katika Suratu Yusuf, aya ya 84, tunaambiwa kwamba macho ya Nabii Ya'qub (a.s.) yalifanya weupe kwa sababu ya huzuni aliyokuwa akiizuia ndani. Huyu ni Nabii. Subira yake ilikuwa njema, imani yake haikutikisika, na bado huzuni ilipita moyoni ikafika machoni. Basi usimwambie mtu kwamba maumivu yake ya kichwa, ya mabega na ya tumbo ni upungufu wa imani. Nafsi na mwili ni majirani wanaoshiriki ukuta mmoja. Moto ukiwaka huku, joto linafika kule.

Wataalamu wa tiba nao wameliona hilo kwa vipimo vyao. Mwaka 1995 huko Marekani, watafiti walioongozwa na Janice Kiecolt-Glaser waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwahudumia ndugu zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wanawake wengine 13 wa umri wao wasiouguza mtu. Kila mmoja alifanyiwa kidonda kidogo kinacholingana na cha mwenzake. Vidonda vya wale wanaouguza vilichelewa kupona kwa wastani wa siku 9. Ngozi yenyewe ilikuwa imechoka.

Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach, nao wa Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minne wazee wanaoishi na wenzi wao wa ndoa. Wale waliokuwa wakiwahudumia wenzi wagonjwa na wakajiona wameelemewa na kazi hiyo, hatari yao ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 63 kuliko wazee wasiokuwa na mzigo huo. Lakini wale waliohudumia bila ya kuelemewa hawakuonekana kuwa na ongezeko hilo. Zingatieni hapo, ndugu zangu. Kuuguza kwenyewe hakukuwa sumu. Sumu ilikuwa kuelemewa.

Mwili una haki

Uislamu ulilisema hili zamani. Salman al-Farisi (r.a.) alimtembelea ndugu yake Abu Dardaa (r.a.), akamkuta anafunga kila siku na kusimama usiku kucha, mpaka mkewe ameacha kujipamba. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, kisha mwisho wa usiku wakaamka wakaswali pamoja. Akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.), alimsadikisha Salman. Kisa hiki pia kimo katika Bukhari.

Na siku moja Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Zaynab (r.a.), akichoka kusimama katika swala huishika. Akaamuru ifunguliwe, na akafundisha kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Kama ibada ya swala ya usiku haikuruhusiwa kumvuta mtu kwa kamba, itakuwaje tumfunge kamba mama au dada yetu kwenye kitanda cha mgonjwa mwaka mzima na kuita huko kuwa ni subira?

Mwili ni amana. Atakayeulizwa kuhusu afya yake si mwanamume peke yake, wala si kijana wa uwanja wa mpira peke yake. Mama anayeuguza naye ataulizwa juu ya mgongo wake, na sisi tutaulizwa tulimsaidiaje kuulinda.

Mazoezi yanayotuliza mwili na nafsi

Moja katika njia za kuulinda ni mazoezi. Katika mji wetu tunazijua mbio za makundi za mwisho wa wiki, vijana wakikimbia barabarani kwa nyimbo na makofi. Hizo ni nzuri kwa mwenye nafasi. Lakini anayeuguza hawezi kuondoka saa mbili. Yeye anahitaji mazoezi ya aina nyingine: ya taratibu, ya mahali padogo, yanayounganisha pumzi, viungo na utulivu wa moyo. Dakika kumi pembeni ya mkeka zinatosha kuanza.

Hapa ndipo linapokuja swali ambalo wanafunzi huuliza sana: je, hii si yoga? Na yoga si ibada ya watu wengine? Swali hili ni la haki. Yoga ina asili katika dini za India, na maulamaa wameliangalia jambo lake. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Taifa nchini Malaysia liliwakataza Waislamu yoga kwa sababu inachanganya mazoezi ya mwili na maneno na makusudio ya ibada ya Kihindu. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia likakataza ile yenye maneno ya ibada, lakini halikuikataza inayofanywa kama mazoezi ya mwili tu. Mabaraza yote mawili yalikuwa yakichunga jambo moja, nalo ni tauhidi. Basi nasi tulichunge. Hatutamki jina lisilokuwa la Allah kwa kutafuta baraka, hatuinamii jua wala sanamu, hatuamini kwamba nafsi yetu inaungana na uungu. Lakini kunyoosha mgongo hakuna dini maalumu, na pumzi ni ya Aliyetupulizia roho.

Nataja mfano mmoja. Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Dakta Helen Lavretsky na wenzake waliwafuatilia watu 39 wanaowahudumia jamaa zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kundi moja lilifanya tafakuri ya namna ya yoga dakika 12 kila siku kwa wiki 8, kundi jingine likasikiliza muziki wa kutuliza kwa muda huo huo. La kwanza lilipungukiwa zaidi na dalili za huzuni na fikra zao zikachangamka zaidi. Utafiti ni mdogo, na maneno waliyokuwa wakiyatamka si yetu. Lakini kuna funzo ndani yake: dakika 12. Walioelemewa walipewa dakika 12 kwa siku za kutulia, na zikaonekana katika hali zao. Sisi tunao Mola tunayemjua, na katika Suratur Ra'd, aya ya 28, ametufahamisha kwamba nyoyo hupata utulivu kwa kumtaja Yeye. Tunakosa nini basi, isipokuwa kuzitenga hizo dakika?

Haya ni machache ambayo mtu anaweza kuyafanya nyumbani, kwa stara, bila ya chombo chochote.

Kwanza, pumzi. Kaa umenyoosha mgongo, vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, tumbo lijae, kisha itoe polepole ukihesabu mpaka sita. Rudia kwa dakika tatu au nne. Ukipenda, moyo wako uwe katika dhikri wakati huo.

Pili, shingo na mabega. Pandisha mabega kuelekea masikioni, yashikilie kidogo, yaachie yashuke. Geuza shingo kulia na kushoto taratibu bila ya kuilazimisha.

Tatu, kukaza na kuachia. Lala chali, kaza vidole vya miguu kwa muda mfupi, viachie. Panda kwenye ndama za miguu, mapaja, tumbo, ngumi, uso. Mtu mwenye mawazo mengi hajui kwamba amekaza taya mpaka anapoliachia.

Nne, kutembea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kwa anayeuguza hizo ni nyingi, lakini dakika kumi za kwenda sokoni kwa hatua za haraka huhesabika, na kidogo ni bora kuliko hakuna.

Tano, namna ya kunyanyua. Huu ndio mlango ulioingiza maumivu kwa dada yangu. Usimnyanyue mgonjwa kwa kuinama na mgongo. Kunja magoti, tanua miguu, mlete karibu na kifua chako, usijipinde kiunoni. Akiwa mzito, msubiri mtu wa pili. Mwenye maumivu makali ya mgongo, mwenye maradhi ya moyo au mja mzito amwulize daktari kabla ya kuanza mazoezi. Na anayeona giza la moyo haliondoki, halali, hali, anatamani asiamke, huyo apelekwe hospitali. Kumtafuta tabibu ni katika Sunna, wala si aibu.

Swala si mazoezi ya viungo

Hapa niwatahadharishe. Wapo wanaosifu swala kwa kusema ni mazoezi mazuri ya mwili. Swala ni ibada. Tunasujudu kwa sababu Allah anastahiki kusujudiwa, hata kama kusujudu kusingekuwa na faida yoyote kwa uti wa mgongo. Lakini anayempa Allah haki yake hurudi na mikono isiyokuwa mitupu. Mtume (s.a.w.) alimrudisha mara kwa mara mtu aliyeswali kwa haraka, akamfundisha atulie katika rukuu, atulie anaponyanyuka, atulie katika sijida. Anayeuguza huswali kwa haraka, sikio moja liko kwa mgonjwa. Mwenye kumshikia mgonjwa ili mwenzake aswali kwa utulivu amemsaidia katika dini yake na katika mwili wake kwa pamoja.

Na tumkumbuke Bibi Fatima (r.a.). Mikono yake iliumizwa na jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume (s.a.w.) akawajia yeye na Ali (r.a.) usiku wakiwa wamekwisha kulala, akawafundisha wanapoingia kitandani waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, na akawaambia hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Mfundisheni hili anayeuguza, alale nalo. Lakini mwanamume asije akalitumia kuwa kisingizio cha kukaa kitako. Aliyefundisha dhikri hiyo ndiye ambaye Bibi Aisha (r.a.) alisema kwamba nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wake mpaka wakati wa swala ufike.

Nani atashika zamu?

Sasa tunafika kwenye kiini cha maneno yangu yote. Unaweza kumpigia simu dada yako leo ukamweleza habari za pumzi na mabega na dakika kumi. Atakusikiliza kwa adabu. Kisha atakuuliza kama alivyoniuliza wangu: hizo dakika kumi nitazitoa wapi? Nani atakaa na mgonjwa?

Someni Suratul Qasas, aya ya 23 na 24. Nabii Musa (a.s.) anafika kwenye kisima cha Madyan. Ni mkimbizi, ametembea safari ndefu, hana nyumba, hana chakula. Anawakuta watu wakinywesha wanyama wao, na pembeni wanawake wawili wanawazuia kondoo wao wasisogee. Anawauliza, mna jambo gani? Wanamjibu kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana.

Mabinti wawili, baba mzee, kazi ya nyumba yote iko juu yao, na mahali pa maji wenye nguvu wametangulia. Je, hamuwajui hawa? Hamjawaona katika mitaa yetu, Buyenzi, Bwiza, Rumonge? Hamjawaona kwenye korido za hospitali, wamelala juu ya kitenge chini ya kitanda cha mgonjwa, wale ambao kwa Kirundi tunawaita abarwaza?

Musa alifanya nini? Hakuwapa mawaidha ya subira. Hakuwauliza ndugu zenu wa kiume wako wapi. Hakuwaambia kwamba malipo yenu yako kwa Allah, ingawa ni kweli. Aliwanyweshea. Alibeba sehemu ile ya kazi iliyokuwa ikiwashinda, akaimaliza, kisha akaenda kivulini kumwomba Mola wake. Na mtu huyo alikuwa na udhuru wote wa kusema, mimi mwenyewe nimechoka.

Na Musa huyo huyo, alipotumwa kwa Firauni, aliomba apewe msaidizi. Katika Suratu Taha, aya ya 29 mpaka 32, alimwomba Mola wake amfanyie Harun (a.s.) waziri, amtie nguvu kwa ndugu yake, amshirikishe katika kazi yake. Nabii aliyesema na Allah hakuona haya kusema kwamba kazi hii ni nzito kwa mtu mmoja. Basi mama yako akisema amechoka, hajakufuru neema. Amefuata njia ya Manabii.

Wahenga wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali unauona mwepesi. Ushike, ndipo utajua.

Tufanye nini, sisi wanafunzi?

Tuanze wiki hii. Anayeishi mji mmoja na nyumba yao achague siku moja isiyobadilika, mathalani Jumamosi jioni, iwe zamu yake. Afike, avue saa, akunje mikono ya shati, aulize dawa zinatolewa saa ngapi, kisha amwambie dada au mama, nenda. Asimwambie nenda ukapike. Nenda ukalale, au ukatembee, au ukafanye mazoezi yako, au ukae tu. Aliyeko mbali, Gitega, Ngozi, au nje ya nchi, atume kile anachoweza ili apatikane mtu wa kusaidia kufua au kugeuza mgonjwa, na apige simu kumwuliza anayeuguza hali yake yeye, si hali ya mgonjwa pekee. Wakati wa likizo, wiki ya kwanza iwe ni ya kuuguza kabla ya kuwa ya kupumzika.

Wavulana, nawaambia nyinyi hasa. Kumwogesha babu, kumbadilisha nguo, kumpikia uji, hizo si kazi za wanawake. Babu ni mwanamume, na stara yake inalindwa vizuri zaidi na mjukuu wa kiume kuliko na binti anayeona haya. Mmesahau kwamba waliomwosha Mtume (s.a.w.) alipofariki walikuwa wanaume wa nyumbani kwake, na Ali (r.a.) akiwa mbele yao?

Na wapo miongoni mwenu, katika madarasa haya haya, wanaouguza wenyewe. Anakuja darasani amesinzia, anakosa mitihani midogo, na sisi tunamwita mvivu. Jumuiya yetu iwajue hawa. Mmoja amwandikie alichokikosa darasani, mwingine aende kukaa na mgonjwa siku ya mtihani. Na wewe mwenyewe unayeuguza, nisikilize: ukiambiwa nenda ukapumzike, nenda. Usikatae kwa kudhani kwamba hakuna atakayeweza kama wewe. Hizo dakika zako humwibii mgonjwa. Unamhifadhia mikono yako.

Dada yangu, namshukuru Allah, mgongo wake umepona kiasi. Bibi alifariki mwaka uliofuata, Allah amrehemu. Katika miezi yake ya mwisho nilikuwa na zamu ya Alhamisi na Jumapili. Sikuwa hodari. Uji niliuunguza, shuka nilizikunja vibaya. Lakini siku ya kwanza nilipomwambia dada nenda ukalale, alilala kuanzia baada ya Adhuhuri mpaka nikaenda kumwamsha kwa Alasiri. Alipoamka alikaa kimya kidogo ukutani, akapumua kwa nguvu, akasema, "Kumbe bado niko hai."

Ndugu zangu, tusingoje mpaka anayeuguza naye aanze kuuguzwa.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, na uwape nguvu wanaowauguza. Watulize nyoyo zao, wahifadhi migongo yao, wape usingizi mwema na watu wa kuwasaidia. Tusamehe sisi tuliokaa wageni katika nyumba zetu, na utufanye miongoni mwa wanaobeba, si miongoni mwa wanaotazama. Waghufirie wazee wetu waliotangulia, na uturehemu tutakapofika tulipo wao. Amin, ya Rabbal alamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.